Kuseti shokapu ya nyuma kwa mwendeshaji mzito: mwongozo kamili kwa njia za Moshi

Ukiwa na kilo mia moja na zaidi, baiskeli ya mlimani inayomshusha vizuri rafiki yako wa kilo sabini inaweza kukutesa wewe kwenye njia ileile. Unashuka kutoka Mweka, unafika pale kijia kinapokata mfongo (mfereji wa maji ya shambani), nyuma inagonga mpaka mwisho, kisha siti inakurusha mbele kuelekea usukani. Wengi wakirudi nyumbani wanachukua pampu na kujaza upepo mpaka shokapu inakuwa ngumu kama gogo. Kugonga kunapungua kweli, ila sasa gurudumu la nyuma linarukaruka juu ya mizizi, breki haishiki, na kule kurushwa mbele kumezidi.

Upepo ni mwanzo wa kazi tu. Kadiri unavyoongeza presha ndivyo shokapu inavyokuwa na nguvu zaidi ya kukurudisha juu, na nguvu hiyo inazuiwa na rebaundi, yaani kidhibiti cha kasi ya shokapu kurudi juu. Mtu mzito akiongeza presha bila kugusa rebaundi amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoangusha watu. Kwa hiyo kuna mpangilio, nao usiuruke: uzito, presha, sagi, rebaundi, tokeni, halafu kompresheni mwisho kabisa. Kila neno nitalieleza linapofika.

Jua ulichonacho

Angalia shokapu yenyewe. Kama ni mtungi laini wenye nozo, ni ya upepo. Kama kuna springi ya chuma imeizunguka, ni ya springi, na hapo kuna aina mbili zinazotofautiana sana. Baiskeli za bei nafuu zenye springi iliyoandikwa 750 au 850 mara nyingi hazina mafuta ndani: ni springi tupu na mhimili. Namba hiyo ni ugumu wa springi, pauni kwa kila inchi. Hazina kitasa cha rebaundi kwa sababu ndani hakuna cha kurekebisha, na ile pete unayozungusha kwa mkono haiongezi ugumu wa springi, inaikaza tu mwanzoni. Kwa mtu mzito ushauri wangu ni mmoja: usipoteze muda kuiseti. Itazama, kisha itakurudisha na nguvu yote iliyoibeba. Tafuta shokapu ya mafuta yenye urefu uleule, hata ya mtumba, au endesha baiskeli isiyo na shokapu ya nyuma kabisa. Utakuwa salama zaidi.

Kama ni ya upepo, au ni ya springi yenye mafuta, soma maandishi yaliyo juu yake. Ukikuta 210x55, namba ya kwanza ni urefu kutoka tundu la bolti hadi tundu la bolti kwa milimita, na ya pili ni mwendo wa shokapu, yaani milimita inazoweza kuzama mpaka mwisho. Namba ya pili ndiyo utakayoitumia kwenye kila hesabu hapa chini. Tafuta pia presha ya juu kabisa inayoruhusiwa. Kwa shokapu nyingi za RockShox na Fox huwa kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 300 na 350, ila fuata iliyoandikwa kwenye yako. Usivuke kikomo hicho hata kwa psi tano.

Fremu nayo ina kikomo chake. Viwanda vingi hutaja uzito wa juu wa mwendeshaji, baiskeli na mzigo vikiwa pamoja, mara nyingi kati ya kilo 120 na 140. Kama wewe peke yako una kilo 125, angalia kabla hujatumia hela kwenye shokapu.

Vifaa

Unahitaji pampu ya shokapu, ile ndogo yenye mpira mfupi na geji inayopita psi 300. Pampu ya tairi haifai, na kompresa ya fundi pancha haifai kabisa. Chemba ya shokapu ni ndogo mno, na tone la upepo linabadilisha presha kwa makumi ya psi. Kama huna pampu hii, changieni watatu au wanne mnunue moja. Ongeza rula au kalipa, spana za L, daftari, na mtu wa kukushikilia.

Kisha jipime uzito ukiwa umevaa kila kitu: viatu, helmeti, mkoba wenye maji umejaa. Lita tatu za maji ni kilo tatu, na zote zinakaa mgongoni, karibu na gurudumu la nyuma. Kama mizani ya nyumbani inaishia kilo 120, nenda kwa wauza nafaka sokoni. Mizani yao haina shida na wewe.

Kujaza presha ya kuanzia

Zidisha kilo zako kwa 2.2. Jibu ndiyo psi ya kuanzia. Mtu wa kilo 110 na vifaa vyake anaanza na 242. Hapo ni pa kuanzia tu, maana fremu hazifanani. Ukitaka kujua yako iko upande gani, gawanya mwendo wa gurudumu la nyuma kwa mwendo wa shokapu. Gurudumu la milimita 150 na shokapu ya 55 unapata kama 2.7. Kadiri namba hiyo inavyokaribia 3, ndivyo fremu inavyoibana shokapu kwa nguvu zaidi na ndivyo utakavyohitaji presha kubwa.

Kabla ya kufunga pampu, fungua vifungio vyote vya shokapu: ule wenzo wa kupandia mlima uwe wazi kabisa. Jaza mpaka 100, kisha kandamiza siti taratibu mara kumi, shokapu izame kama robo ya mwendo wake kila mara. Geji itashuka. Usidhani inavuja. Ndani kuna chemba mbili, ya kukubeba na ndogo inayovuta upande wa pili, na upepo unapita kati yake kupitia kitundu kinachofunguka shokapu ikizama kidogo. Ongeza 50, kandamiza tena, ongeza 50, kandamiza tena, mpaka ufike. Ukijaza psi 240 kwa mkupuo mmoja bila kukandamiza, chemba ndogo inabaki na njaa, vipimo vyako vyote vinakuwa vya uongo, na ukishaingia njiani baiskeli inazama.

Ukifungua pampu utasikia *pss*: huo ni upepo wa kwenye mpira wa pampu. Ukiifunga tena geji itasoma chini kidogo kwa sababu mpira umejijaza kutoka kwenye shokapu. Hayo yote ni kawaida.

Hali ya hewa nayo ina neno. Shokapu uliyoijaza 250 asubuhi kwenye nyuzi 20, ikikaa juani ikafika nyuzi 35, itapanda kwa karibu psi 13, na kwa mtu mzito hiyo inasikika. Pima muda ambao huwa unaendesha. Mwinuko usikusumbue: kutoka Moshi mjini hadi geti la Mweka, zaidi ya mita 700 juu, tofauti ni kama psi moja.

Kupima sagi

Sagi ni kiasi ambacho shokapu inazama kwa uzito wako tu, kabla ya kukutana na jiwe lolote. Gurudumu linahitaji nafasi hiyo ili liweze kushuka kwenye mashimo na si kupanda tu. Baiskeli za njia za kawaida hutaka asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa shokapu. Kwa watu wazito wanaopanda Kibosho na Uru mimi nalenga 28. Ukiwa na 32 au 33 utafurahi kwenye mteremko, lakini ukipanda nyuma inakaa chini, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na pedeli zinagonga mawe.

Kwa shokapu ya milimita 55, asilimia 28 ni milimita 15 na nusu hivi. Egemea ukuta au mshike mtu bega, simama kwenye pedeli zote mbili zikiwa sawasawa, magoti yamekunjwa kidogo, kama uko kwenye mteremko. Jidundishe kidogo mara mbili tatu, tulia. Mwenzako asukume ile oringi ya mpira iliyo kwenye chuma cha shokapu mpaka iguse sili, ule mpira wa mdomoni unaozuia upepo usitoke. Shuka polepole, bila kudunda, kisha pima kutoka kwenye sili hadi kwenye oringi.

Mkao unabadilisha kipimo kuliko watu wanavyodhani. Kuna mzee nilimsetia baiskeli yake Majengo, kilo 112 na mkoba wake, shokapu ya milimita 55, presha 245. Mara ya kwanza alikaa kwenye siti, oringi ikasimama kwenye 19.

"Samahani mzee, naomba usimame kwenye pedeli, usikae."

"Nikisimama si tutaanguka wote wawili, kijana?"

"Egemea tu bega langu mzee, nimekushika."

Akasimama. Oringi ikasoma 17, na nyuma yake ilikuwa imeacha mstari mwembamba wa mafuta na vumbi kwenye chuma, pale iliposimama mara ya kwanza. Milimita mbili ni karibu asilimia nne ya mwendo wote wa shokapu. Tukapanda mpaka 260, ikakaa kwenye 16, tukaishia hapo. Kwa hiyo chagua mkao mmoja, na upime vivyo hivyo siku zote.

Sagi ikizidi ongeza psi tano hadi kumi, kandamiza mara kumi, pima tena. Ikipungua toa kidogo kwa kitufe cha pampu, ukikandamiza siti huku unatoa, ili chemba zote mbili zishuke pamoja. Ukitoa upepo kwa haraka kutoka chemba kubwa tu, shokapu inaweza kujivuta ndani na kubaki imekunjamana. Ikikufikia hali hiyo, ijaze tena kwa presha kubwa ndani ya kikomo chake, na kama haitoki usiifungue kwa spana. Ndani kuna presha iliyofungiwa inayoweza kukuumiza vibaya. Mpelekee fundi anayezijua shokapu.

Rebaundi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Rebaundi ni kasi ya shokapu kurudi juu baada ya kuzama. Kitasa chake kwa kawaida ni chekundu. Kizungushe kuelekea mkono wa saa mpaka mwisho, kwa vidole tu, bila kukilazimisha: hapo shokapu inarudi taratibu kabisa. Kisha rudisha nyuma ukihesabu kliki hadi mwisho wa pili, uandike jumla. Kuanzia sasa hesabu zako zote zitoke upande uliofungwa. Mtu akikuambia yeye yuko kliki tano, muulize kwanza tano kutoka wapi.

Mtu mwepesi mwenye psi 160 anaweza kukaa katikati. Wewe mwenye psi 250 na zaidi utakuwa karibu zaidi na upande uliofungwa, kwa kuwa upepo wako una nguvu na mafuta lazima yaushike. Anza na kliki tatu au nne kutoka kufungwa.

Tafuta ukingo wa barabara wenye kimo cha kama sentimita 15. Shuka ukiwa umekaa, mwendo wa mtu anayetembea, bila breki. Shokapu izame, irudi juu mara moja, itulie. Ikirudi ikapita, ikazama tena kidogo kama inayumba, ina kasi mno: funga kliki moja. Ikirudi kwa uvivu kiasi kwamba unaihisi bado inapanda umeshatembea mita mbili, ni taratibu mno: fungua moja.

Kipimo cha pili ni rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana barabarani. Chagua barabara tulivu mapema asubuhi, angalia magari, pita juu ya rasta kwa mwendo wa kati ukiwa umesimama kwenye pedeli. Rebaundi ikiwa taratibu mno, rasta ya kwanza na ya pili zitapita laini, halafu ya nne na ya tano zitaanza kukugonga, kwa sababu shokapu haipati muda wa kurudi kati ya bonge moja na lingine. Inazama hatua kwa hatua mpaka haina nafasi tena. Watu wengi wakisikia ugumu huo wanapunguza presha, na tatizo linazidi. Dawa ni kufungua kliki moja.

Kipimo cha tatu ni njia halisi. Chagua kipande kifupi unachokijua, dakika mbili au tatu, chenye mizizi, mawe na angalau mfongo mmoja. Vijia vya migombani Uru vinafaa sana kwa hili. Pita, badilisha kitu kimoja tu, pita tena. Ukibadilisha presha na rebaundi kwa pamoja hutajua kipi kimefanya nini. Na usimalizie uamuzi wako na shokapu ikiwa bado ya baridi: kwenye mteremko mrefu mafuta yanapata joto, yanakuwa mepesi, na rebaundi inaongezeka kasi. Seti inayokufaa dakika ya kwanza inaweza kuanza kukurusha ukifika nusu ya njia. Afadhali uisikilize katikati ya mteremko.

Kuna watu wanafunga kitasa mpaka mwisho na bado shokapu inawarusha. Hapo kliki zimeisha, na kosa si lako. Ndani ya shokapu kuna rundo la wosha nyembamba zinazozuia mafuta, na kiwandani zilipangwa kwa mtu wa uzito wa kati. Fundi wa shokapu anaweza kuzipanga upya ziwe nzito zaidi. Kwa mwenye kilo 115 kwenda juu naona kazi hiyo ina faida kuliko kununua shokapu ya bei kubwa yenye mpangilio uleule mwepesi.

Inapogonga mwisho wakati sagi iko sawa

Rudisha oringi kwenye sili, endesha kipande chako, kisha iangalie. Ikiwa imebakiza milimita chache kufika mwisho baada ya njia ngumu, umepata. Ikiwa imesukumwa mpaka ikatoka kwenye chuma, na umesikia mlio wa chuma kugonga kwenye mfongo, angalia kwanza sagi. Ikiwa ni 28, usiongeze presha. Ongeza tokeni.

Tokeni ni kipande cha plastiki au mpira kinachopunguza nafasi ndani ya chemba ya upepo. Mwanzo wa mwendo unabaki laini vilevile, lakini theluthi ya mwisho inakuwa ngumu, na huko ndiko mtu mzito anakohitaji msaada. Toa upepo wote taratibu huku unakandamiza, hakikisha geji ni sifuri, funga tena pampu uhakikishe mara ya pili, ndipo ufungue mfuniko wa chemba. Shokapu nyingi zinafunguka kwa mkono ukiwa umevaa glavu ya mpira. Weka tokeni moja, pakaa grisi ya shokapu kwenye oringi za chemba, funga, jaza upya. Pima sagi tena, halafu endesha kabla hujafikiria ya pili. Ukiweka nyingi mno hutafika mwisho wa mwendo hata siku moja.

Kompresheni, kile kitasa cha buluu kinachodhibiti kasi ya shokapu kuzama, iache wazi mpaka hapa. Ukiona baiskeli inanesa sana ukipiga pedeli umesimama, funga kidogo ile ya mwendo wa polepole. Usiitumie kuzuia kugonga.

Presha ikifika kikomo

Kuna fremu ambazo mtu wa kilo 120 atafika kikomo cha psi na sagi bado ni 35. Hapo shokapu ya upepo imeshindwa kazi, hamia springi yenye mafuta. Hesabu ya springi ni hii. Mtu wa kilo 110, karibu asilimia 65 ya uzito iko nyuma: kilo 71.5, sawa na pauni 157. Gurudumu lina mwendo wa 150 na shokapu 60, uwiano ni 2.5, zidisha, unapata 393. Sagi ya asilimia 30 ya milimita 60 ni milimita 18, ambazo ni inchi 0.71. Gawanya 393 kwa 0.71: 554. Nunua springi ya 550. Hakikisha mwendo wa springi yenyewe haupungui mwendo wa shokapu, na pete usiikaze zaidi ya mizunguko miwili baada ya kugusa springi. Ukihitaji kukaza zaidi ya hapo, springi ni laini, badilisha.

Foki na matairi

Ukishaweka sawa nyuma, pima foki (shokapu ya mbele) siku hiyohiyo, sagi ya asilimia 15 hadi 20. Nyuma ikiwa imara na mbele laini, baiskeli inainamia mbele kwenye kila mteremko, na hapo unaweza kupitiliza juu ya usukani. Tairi nazo ni shokapu ya kwanza inayogusa ardhi. Kwa kilo 110 na tyubu, shuka chini ya psi 28 nyuma na rimu itaanza kukata tyubu kwenye mawe.

Utunzaji

Vumbi la volkano la huku ni laini sana na linapenda sili. Futa chuma cha shokapu kwa kitambaa kikavu kila ukirudi, na usipige mashine ya kuoshea magari karibu na sili au bushi (vijiringi vya kwenye matundu ya bolti za shokapu), maana maji yanasukumwa ndani. RockShox wanasema chemba ya upepo ihudumiwe kila saa 50 za kuendesha. Kwa mtu mzito wakati wa kiangazi nisingesubiri zaidi ya hapo.

Mara moja kwa wiki nyanyua baiskeli kwa siti taratibu huku mwenzako akiwa ameweka kidole kwenye bolti za shokapu, juu na chini. Akisikia mchezo wowote, bushi zimekwisha. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini kikiachwa kinakula tundu la fremu, na hapo hakuna fundi atakayekurudishia. Kaza bolti zote za viungo vya nyuma kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kufuata namba iliyoandikwa karibu na kila bolti, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye bolti hadi kwenye fremu. Mistari ikiachana, bolti imelegea, na utaiona kabla hujaisikia.